Kioo cha kupinda: vipande vitatu raha, cha nne karaha

Nianze na sifa, nisije nikaonekana nina roho mbaya. Ukuta wa kioo cha kupinda niliouweka dukani kwangu Kinondoni (nakodisha magauni ya harusi) ni mzuri kupita maelezo. Vipande vitatu kati ya vinne, yaani. Vimezunguka sehemu ya kujaribia nguo nusu duara, havina fremu wala nguzo, vimezama tu kwenye chaneli ya chini. Wateja wanachungulia nyuma kutafuta kilichovishikilia. Hakuna. Ule mpindo wenyewe ndio unaovipa ugumu, kama bati la migongo linavyolishinda bati bapa.

Wazo nililitoa kwenye picha za Casa da Música, jumba la muziki la Porto, Ureno, lililofunguliwa 2005. Rem Koolhaas na wenzake waliweka humo kuta za kioo chenye mawimbi, mwanga wa mchana unaingia mpaka ukumbini. Mimi sikuomba makubwa hayo. Niliomba kanusu duara ka kuzungukia shela.

Sasa hicho cha nne. Kimekuja na mpindo wake binafsi. Kinapokutana na cha tatu, chini hata karatasi haipiti, juu unapitisha vidole viwili. Jioni nikiwasha taa za dari, mwanga unateleza juu ya kioo mstari mmoja: cha kwanza, cha pili, cha tatu, halafu pale unakatika na kuanza tena chini kidogo. Ukishauona mara moja, jicho halitulii tena. Bibi harusi mmoja aliniuliza kama ukuta umepata ajali.

Na chanzo kinajulikana. Aliyekuja kupima alikuja na futi yake ya kuvuta, akapiga picha mbili tatu kwa simu, akaaga. Kazi ya kupinda inatakiwa ichongewe kigezo cha plaiwudi, kilazwe sakafuni pale pale kioo kitakaposimama, kikikaa sawa ndipo kipelekwe kiwandani. Haya kanieleza fundi wangu wa aluminiamu, bila hata kuulizwa.

Yote hayo ningeyameza. Kilichonichefua ni ofisini kwa hao walioniuzia kioo. Nimefika na picha kwenye simu, kijana wa mezani hajazitazama hata moja.

"Mama, ungekuja na mzee tukaongea naye. Haya mambo ya kitaalamu kidogo."

Mzee gani? Duka langu, oda nimesaini mimi, malipo ya awali yametoka kwenye akaunti yangu. Wakati wa kupokea hela hakumuulizia mzee hata siku moja! Nikamwambia hivyo. Akacheka, akageukia kompyuta yake, akasema hamna shida, atatuma vijana waje wakipige grenda kidogo hapo juu.

Grenda! Kwenye kioo cha tempa! Mtaalamu huyo! Kioo kile kimepashwa moto zaidi ya nyuzi 600, kikapulizwa upepo kipoe ghafla, na tangu hapo nje kunabana na ndani kunavuta. Kukata na kutoboa kote kunamalizwa kabla hakijaingia tanuri. Ukikigusa na grenda baadaye, kinapasuka chote punje punje. Changu ni tabaka mbili zilizogandishwa kwa utando wa plastiki katikati, kwa hiyo kisingemwagika sakafuni, lakini kingebaki nyufa tupu kutoka juu mpaka chini. Fundi wangu nilipomsimulia aliweka bisibisi chini kwanza, acheke vizuri.

Hukumu yangu? Nilipoanza kuandika nilikuwa na nyota tatu, maana kioo chenyewe hakina kosa na waliokuja kukisimamisha walikuwa vijana wa adabu, walivua viatu bila kuambiwa. Ukiwa na fundi anayejua kigezo, kioo cha kupinda weka, nakwambia weka, duka langu limekuwa duka jingine. Lakini nikimkumbuka yule wa mezani na "mzee" wake, zinabaki mbili. Moja. Na hiyo moja ni ya wale vijana waliovua viatu.

Wananipigia sasa kuulizia salio lao. Salio ninalo, halina haraka. Waje na plaiwudi kwanza.