TAHADHARI: SSD za "2TB" bei ya fleshi, na laptopu za "RAM 20GB"

Wadau, ukiona SSD ya nje (diski ya kuhifadhia data isiyozunguka) ya 2TB inauzwa kwa bei ya fleshi, usitume hela. Boksi ni zuri, na ukichomeka, Windows yenyewe inasoma 2TB. Hapo ndipo watu wanapopigwa.

Ukifungua kasha, mara nyingi unakuta kibao kidogo na memori kadi ya 64GB, ile ya simu, imebandikwa kwa gundi. Kilichochezewa ni programu ya ndani ya kontrola (chipu inayoendesha diski), inaidanganya kompyuta kuhusu ukubwa. Faili za mwanzo zinakaa salama. 64GB ya kweli ikijaa, kontrola inarudi mwanzo na kuandika juu ya zilizokuwepo, au inatupa zinazokuja. Majina ya faili utayaona, ukubwa utauona, lakini picha hazifunguki. Kufomati hakusaidii kitu, na muuzaji kwa wakati huo hapokei simu.

Ipime kabla hujaweka chochote, ikiwa tupu. Windows tumia H2testw. Linux tumia f3write kisha f3read. Programu hizi zinaandika data, halafu zinaisoma upya kuona kama iliyoandikwa ndiyo iliyopo. Kujaza 2TB kwa kasi ya 20MB kwa sekunde ni zaidi ya saa 27, kwa hiyo kwenye H2testw weka kikomo cha MB 150,000. Kuandika kutachukua kama saa mbili, na feki ya 64GB au 128GB itaumbuka. Ikitokea "DATA LOST", rudisha mzigo.

Ila msimwonee muuzaji bure. 1TB halali Windows inaionyesha 931GB, na 512GB inaonekana 476GB: kiwandani wanahesabu kwa 1,000, Windows kwa 1,024. Vilevile SSD halali ya bei nafuu huanza kunakili kwa kasi, kisha inashuka ghafla kwenye faili kubwa. Hiyo ni kache yake, yaani sehemu ndogo yenye kasi inayopokea data kwa muda, imejaa. Data iko salama.

Kache ndiyo inayotumika kwenye utapeli wa pili. Baadhi ya laptopu za mtumba zina Intel Optane ya 16GB, kijiti cha kache cha kuharakisha diski ya kuzunguka. Muuzaji anaijumlisha na RAM (memori ya kufanyia kazi) ya 4GB, anaandika "memori 20GB". Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, ingia Performance: Memory ndiyo RAM halisi. Kwenye CPU utaona L1, L2 na L3, hiyo ni kache ya prosesa, kwa kawaida MB chache tu, na wala haiongezi RAM.

Kama umeshanunua laptopu ya aina hiyo, usiing'oe hiyo Optane ili uweke SSD kabla ya kuizima kwenye programu ya Intel Rapid Storage. Ukiing'oa hivihivi, Windows inaweza isiwake tena.