Traki za slalomu: uzoefu wangu na Tracker RTX na RTS hapa Mtwara

Nimezitumia traki (vyuma vinavyobeba magurudumu chini ya ubao) za Tracker, RTX mbele na RTS nyuma, kwa muda wa kutosha sasa, kwenye jua na chumvi ya Mtwara, na naweza kuzisemea. Kwenye slalomu, yaani kupita kwa kupindapinda kati ya koni zilizobanana, hakuna kifaa kwenye skeitibodi kinachobadilisha mambo kama traki. Ubao mzuri na magurudumu ya bei mbaya havikusaidii kitu ikiwa traki ya mbele inachelewa kukata.

Kinachonifanya nizipende ni kwamba hazifanani. Tracker ni kampuni ya California ya miaka ya 1970, enzi ambazo magurudumu ya yurethani ndiyo kwanza yanayaondoa yale ya udongo, na slalomu ilikuwa miongoni mwa mashindano makubwa ya skeitibodi. RTX imetengenezwa ili igeuke haraka: ukiinamia kidogo tu, ekseli inageuka sana. RTS imetulia, inageuka kwa uchache. Kazi ya mbele ni kuchagua njia, kazi ya nyuma ni kushika lami na kukusukuma mbele. Ukifunga mbili zenye tabia moja, nyuma nayo inataka kukata kona zake. Ukifika katikati ya mstari mkia unachomoka na mwendo unakufa, au ubao unaanza kutetemeka kwenye mteremko.

Zangu ni za mtumba, zimekuja na basi kutoka Dar kwa laki mbili na ushee. Si bei ndogo, lakini traki hazichoki upesi kama magurudumu. Ukinunua za mtumba, shika ekseli uizungushe kwa mkono huku umelibana bamba, lile linalofungwa kwenye ubao. Ikicheza kwenye kikombe cha pivoti (kitundu cha bamba ambamo pua ya traki inazungukia), ujue utalipia kikombe kipya, na mchezo huo ukiwa kwenye traki ya nyuma utausikia miguuni kila koni. Kisha itazame ekseli kwa usawa wa jicho kutoka ncha moja hadi nyingine: iliyopinda inajionyesha yenyewe. Angalia na nyuzi za nati. Beringi zisikutishe, kwani magurudumu ya skeitibodi yanatumia 608, tundu la milimita 8 na kipenyo cha 22, na wauza vipuri vya mashine wanazo.

Bushi, zile pete zinazozunguka kingpini (bolti kuu ya traki), ndizo nimehangaika nazo kuliko chochote. Fundi mmoja wa bodaboda hapa mjini alinichongea za mpira wa shokapu, kazi safi kabisa kwa macho. Tatizo la mpira ule ni kwamba unalala. Ukiinama unakubali, ila haukurudishi, na slalomu yote iko kwenye kurudishwa: bushi ikurushe upande wa pili kabla hujafikiria. Yurethani inafanya hivyo. Mimi nina kilo 70 hivi, naweka laini mbele, kama 80A (kipimo cha ugumu, namba ikipanda ugumu unapanda), na ngumu zaidi nyuma, karibu na 90A. Mzito kuliko mimi apandishe zote mbili, mwepesi ashushe. Na kwa joto letu yurethani inalainika: nati ya kingpini niliyoikaza asubuhi, saa saba mchana najikuta naiongeza robo mzunguko. Spana haitoki mfukoni.

Jambo jingine ni kabari, kipande kinene upande mmoja na chembamba upande wa pili kinachokaa kati ya traki na ubao. Kabari chini ya traki ya mbele inaongeza ukali wa kugeuka, na nyuma ukiigeuza inapunguza. Kanuni ni rahisi: mbele, upande mnene uelekee katikati ya ubao, nyuma, upande mnene uelekee mkiani. Za dukani nyingi ni za mpira au plastiki laini na zinaminyika. Zangu amenikatia mchongaji wa Kimakonde kwenye mabaki ya mpingo, na sijapata kuona kabari bora. Mpingo hauminyiki, kila digrii unayoiweka inafika kwenye magurudumu. Alizipiga msasa hadi zikang'aa, zimekaa bapa kwenye ubao bila kupitisha hata karatasi. Kumbuka tu kutafuta bolti ndefu zaidi.

Nafanyia mazoezi kwenye kipande cha lami Shangani chenye mteremko mdogo. Koni zetu ni vikombe vya plastiki vyenye mchanga kidogo ili kusi isivibebe, mita moja na nusu hadi mbili kati ya kimoja na kingine. Vifuu vya nazi havifai, gurudumu likikikanyaga linakwama. Kwenye umbali huo RTX ni tamu mno: nyonga inaanza, mguu wa mbele unafuata, na ubao umeshapita. Koni zikitanuliwa na mwendo ukiwa mkubwa, RTX inakuwa na wepesi uliozidi, na hapo naitoa kabari ya mbele. Kule Mikindani kuna mteremko wa kuvutia zaidi, lakini barabara ile ni ya malori, na msimu wa korosho yanafuatana kwenda bandarini. Simshauri mtu.

Anayeanza na hana laki mbili, asikate tamaa. Traki za kawaida zilizokuja na ubao, mradi ekseli imenyooka, zinafika mbali ukiziwekea bushi laini mbele na ngumu nyuma, pamoja na kabari mbili. Hela ya kwanza iende kwenye bushi za yurethani. Ya pili iende kwenye traki ya nyuma isiyo na mchezo, kwa sababu traki ya mbele unaweza kuinoa kwa kabari, lakini ya nyuma inayocheza kabari haiitibu.

Kwa sisi wa pwani kuna kutu. Kila jioni nafuta ekseli na nyuzi za kingpini kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani, na kikombe cha pivoti nakipaka grisi kidogo kikianza kulia.