Hell's Gate mwezi wa Januari: chukua kiongozi anayejua ndege

Wengi huenda Hell's Gate, hifadhi ya taifa karibu na Naivasha, Kenya, kuendesha baiskeli na kupiga picha za punda milia, halafu wanashuka korongoni saa saba jua likiwa utosini. Kama umefuata ndege, hapo umetupa hela. Sisi tulikuwa Elsa Gate asubuhi na mapema, kiingilio kimeshalipwa kwa eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, na kwenye kituo cha askari wa wanyamapori tukachukua kiongozi, kijana wa Kimaasai wa papo hapo.

Kabla ya kupatana bei nilimuuliza: tai mweusi anakula nini?

"Pimbi, mama. Na pimbi wenyewe wanajua."

Nikamchukua. Haikupita muda akasimama na kunionyesha michirizi myeupe kwenye jabali, kama chokaa iliyomwagika. Mavi ya tumbusi. Akasema palipo na weupe mbichi pana kiota chenye mwenyewe. Nikainua darubini: shingo ndefu, kifua chenye madoa kama magamba. Tumbusi wa Rüppell. Hawa wamebaki wachache mno, na sumu ndiyo inawamaliza. Mfugaji akiliwa ng'ombe na simba, hutia sumu mzoga, na tumbusi hawachelewi karamu.

Januari ina raha yake. Mbayuwayu waliokimbia baridi ya Ulaya bado wapo, wanachanganyika angani na teleka wa majabali, ndege wanaofanana nao. Mimi nilikuwa nawaita wote mbayuwayu. Kijana akaniambia nisubiri nione nani anatua: mbayuwayu atapumzika kwenye waya au kijiti, teleka hutamwona tawini kamwe. Tai mweusi tulimpata dakika chache tu, akipita na ile alama nyeupe ya V mgongoni, na pimbi wote wakaingia mianyani kwa filimbi moja.

Ndani ya korongo la Njorowa kuta zinakaribiana na maji ya moto yanachuruzika mwambani. Vaa viatu vinavyoshika. Mvua ikinyesha mbali, maji hushuka humo ghafla. Septemba 2019 mafuriko yaliua watu, kwa hiyo kiongozi akisema turudi, usianze ubishi.

Kiongozi nampa nyota tano, matembezi kwa jumla nne. Baiskeli niliyokodi nje ya lango breki ya nyuma ilikuwa ya maonyesho. Ijaribu kwanza mteremkoni, ndipo utoe pesa.