Lenzi ya Aurora na Nyota: Mwongozo wa Ununuzi kwa Mpiga Picha wa Mombasa

Mpiga picha wa Mombasa anayejiandaa kwenda Norway, Finland au Alaska kupiga picha za aurora, ile mianga ya rangi inayocheza angani usiku, kwa kawaida huuliza kwanza anunue kamera ipi, ilhali swali linalostahili kutangulia ni la lenzi. Kamera nyingi zilizotengenezwa katika miaka kumi iliyopita zinaweza kazi hiyo. Lenzi ndogo ya milimita 18 hadi 55 inayouzwa pamoja na kamera ndiyo inayokwamisha wengi, kwa sababu haipitishi mwanga wa kutosha kabla aurora haijabadilika umbo. Katika mwongozo huu nimezipanga lenzi kwa daraja kwa kuangalia mambo mawili: namna zinavyofanya kazi kwenye giza na baridi kali, na manufaa yake kwa mwenyewe akisharudi Pwani, maana si busara kutumia fedha nyingi kwa kifaa cha safari moja tu.

Aurora hutokea wakati chembe zenye chaji kutoka kwenye Jua zinapogonga oksijeni na nitrojeni katika tabaka za juu za angahewa. Rangi ya kijani, ambayo ndiyo huonekana zaidi, hutoka kwenye oksijeni kuanzia kimo cha kilomita 100 hivi, na nyekundu hutoka juu zaidi, kupita kilomita 200. Aurora iliyotulia huvumilia shata (pazia la kamera linaloruhusu mwanga kuingia) iliyo wazi kwa sekunde 10 hadi 15, lakini inapochangamka mikunjo yake huhama upesi, na picha ya zaidi ya sekunde tano hutoa utandu wa kijani usio na umbo. Hapo ndipo namba ya f, kipimo cha tundu la lenzi, inapoamua kila kitu: ikiwa ndogo, tundu ni pana na mwanga huingia zaidi. Lenzi ya f/1.8 huingiza mwanga karibu mara mbili na nusu ya ile ya f/2.8, na karibu mara nne ya ile ya f/3.5. Maana yake ni kwamba picha inayochukua sekunde 5 kwa lenzi ya kwanza itachukua karibu sekunde 20 kwa lenzi ndogo iliyokuja na kamera, na katika sekunde 20 aurora iliyokuwa ikicheza huwa imekwisha kuwa nyingine.

Kwa hiyo daraja la kwanza nalipa lenzi ya milimita 20 yenye f/1.8 (milimita zikiwa chache, lenzi huchukua eneo pana zaidi), kwa mwenye kamera ya sensa kamili, yaani yenye kipande kikubwa cha kupokea mwanga. Sony na Nikon zote zilitoa lenzi ya namna hii mwaka 2020, ile ya Sony ikiwa na uzito wa gramu 373 tu, jambo ambalo mtu huliona thamani yake anapobeba mzigo kwenye theluji akiwa amevaa nguo tabaka tatu. Upana wake, nyuzi 84 hivi kwa mlalo, unatosha kuchukua upinde wa aurora pamoja na miti au mlima chini yake, na huku kwetu lenzi hiyohiyo huchukua Njia Nyeupe, ule ukanda wa nyota nyingi, ikisimama juu ya mibuyu ya Kilifi au nyika ya Tsavo. Mwenye kamera ya APS-C, yaani yenye sensa ndogo zaidi, atafute lenzi inayolingana nayo kwa upana, kama Viltrox ya milimita 13 yenye f/1.4, au Sigma ya milimita 16 yenye f/1.4, ambayo huchukua eneo jembamba kidogo; zote mbili ni nafuu kuliko lenzi nyingi za sensa kamili na kwa mwanga haziko nyuma.

Daraja la pili ni lenzi ambayo wauzaji wengi hawaitaji kwa sababu haina fokasi ya kujiendesha, nayo ni Samyang ya milimita 14 yenye f/2.8, ambayo katika baadhi ya masoko huuzwa kwa jina la Rokinon. Ni ya bei nafuu, ni pana sana, na ina sifa moja ambayo katika baridi kali huwa na uzito kuliko watu wanavyodhani. Lenzi nyingi za kisasa huzungusha fokasi kwa mota inayotumia umeme wa kamera, na baadhi yake husahau mahali fokasi ilipokuwa kila kamera inapozimwa. Katika baridi ya nyuzi 25 chini ya sifuri betri hubadilishwa mara kwa mara, na kila badiliko linaweza kumlazimu mpiga picha kutafuta tena nyota angavu, kuikuza kwenye skrini na kurekebisha fokasi kwa vidole vilivyokufa ganzi. Samyang hiyo ina ringi ya kawaida inayobaki pale ilipoachwa, na mtu anaweza kuifunga kwa kipande cha utepe akaendelea na kazi usiku kucha, mradi aihakiki mara mojamoja kwa kuwa chuma na kioo husinyaa kadiri baridi inavyozidi. Kasoro zake ni mbili: hupinda mistari iliyonyooka, kwa hiyo haifai kwa picha za majengo, na kioo chake cha mbele kimetokeza nje, hivyo hukwaruzika upesi kisipochungwa.

Nafasi ya tatu nimeipa lenzi ya zumu yenye f/2.8, kama ile ya milimita 16 hadi 35, na naiweka hapo kwa kuwafikiria wapiga picha wa harusi, ambao ni wengi mjini. Ni nzito na ni ghali, na kwa aurora peke yake haistahili bei hiyo. Lakini anayeitumia ukumbini kila wikendi atakuwa ameirudisha fedha yake kabla hajapanda ndege, na f/2.8 bado inafaa kabisa. Ya nne ni milimita 24 yenye f/1.4, ambayo huingiza mwanga mara nne ya f/2.8 na hukamata aurora kwa sekunde moja au mbili. Ningeipandisha juu zaidi kama si wembamba wa eneo inalochukua, kwa sababu aurora ikifunguka juu ya kichwa, nyuzi 74 hazitoshi.

Lenzi iliyokuja na kamera ni ya mwisho. Asiye na nyingine aifungue kwenye milimita 18, apandishe ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 3200 au 6400, na achague usiku wa aurora iliyotulia.

Zipo hesabu za nyota pia. Kanuni inayotumiwa na wengi ni kugawanya 500 kwa milimita za lenzi ili kupata sekunde za mwisho kabla nyota hazijageuka mistari: sekunde 25 kwa milimita 20, na 35 kwa milimita 14, kwa sensa kamili. Kwa kamera za sasa zenye pikseli nyingi ni salama zaidi kutumia nusu yake, hasa huku kwetu. Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta, na nyota zinazopita juu ya vichwa vyetu ndizo zinazohama kwa kasi kubwa zaidi kwenye picha. Tromsø, mji wa Norway, iko karibu nyuzi 70 kaskazini, nyota ya Kutubu (ile inayoonyesha kaskazini) husimama juu sana, na nyota zilizo karibu nayo huhama kidogo sana.

Wengi wetu tutanunua lenzi iliyokwisha kutumika, na hapo unyevu wa Pwani unataka macho makali. Kuvu huota ndani ya lenzi iliyofungiwa kabatini, na haliondoki kwa kufuta. Fungua tundu la lenzi lote, mulika tochi kutoka nyuma, na utazame kwa mshazari: ukiona nyuzi nyembamba zilizosambaa kama utando wa buibui, iache hata kama bei ni ya kutupwa. Kisha ijaribu usiku. Simama upande wa English Point, elekeza kamera kwenye taa za Mji wa Kale ng'ambo ya maji, piga picha tundu likiwa wazi kabisa, na uzikuze pembe zote nne. Taa za pembeni zikitoa mikia, nyota nazo zitatoa mikia, na pembe moja ikiwa na ukungu kuliko nyingine, vioo vya ndani havijakaa sawa. Usinunue kichujio cha kulinda kioo kwa ajili ya safari hii: mwanga wa kijani wa aurora ni wa rangi moja halisi, na kichujio bapa huweza kuchora miduara katikati ya picha ambayo ni kazi ngumu kuiondoa baadaye.

Baada ya lenzi, fedha iende kwenye tripodi imara, ya kaboni ikiwezekana, kwa kuwa alumini hufyonza joto la mikono upesi. Halafu betri za ziada, tatu kwa uchache, ambazo hukaa kwenye mfuko wa ndani wa koti karibu na mwili. Watengenezaji wengi huandika kwamba kamera zao ni za kutumika kati ya nyuzi 0 na 40. Chini ya hapo kamera kwa kawaida huendelea kufanya kazi, ila betri hupoteza nguvu kwa haraka na skrini huwa nzito. Kiasi cha matayarisho hutegemea pia uendako. Tromsø iko kando ya bahari yenye mkondo wa joto, na baridi yake si kali kama ya bara: Karasjok ya Norway, Inari ya Finland au Fairbanks ya Alaska, ambako nyuzi 30 chini ya sifuri si jambo la ajabu.

Kuhusu umande, mtu wa Mombasa ana ujuzi tayari. Kamera ikitolewa kwenye chumba cha kiyoyozi huku nje kuna joto la kaskazi, kioo hulowa papo hapo. Kule jambo ni lilelile, ila kamera hulowa inapoingizwa ndani. Ifungie kwenye mfuko usiopitisha hewa kabla ya kuvuka mlango, na uiache humo saa mbili au zaidi hadi ipate joto la chumba. Mifuko myepesi ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Kenya tangu 2017, kwa hiyo nunua ule mfuko mzito wa kujikunja mdomo wanaotumia watu wa mashua na wapiga mbizi. Kadi ya kumbukumbu itoe ukiwa bado nje. Betri zote za ziada zisafiri kwenye mkoba wa mkononi, kila moja ikiwa imefunikwa ncha zake, kwa sababu haziruhusiwi kwenye mizigo inayowekwa chini ya ndege.