Rimu Kwanza, Boneti Mwisho: Ukitaka Kupunguza Kilo za Starlet Yako, Nunua kwa Mpangilio Huu

Malalamiko ninayoletewa yanafanana. Mtu ana Toyota Starlet Glanza yake, kajinyima mpaka kapata hela ya rimu nyepesi, kazifunga kwa fundi hapa Nyakato, Mwanza, gari limependeza. Akishaipita Usagara lami inyooke, spidi ikigusa 90, usukani unaanza kutetemeka. Anarudi kwa fundi, anafanyiwa balansi. Bado. Alaimenti. Bado. Anabadilishiwa boljointi ambazo hazikuwa na kosa lolote. Mwisho anaambiwa rimu nyepesi ndivyo zilivyo, avumilie.

Hapana. Rimu nyepesi haitetemeshi gari kwa sababu ni nyepesi. Kinachowatesa wengi ni tundu la katikati ya rimu, na sijawahi kumsikia muuzaji akilitaja.

Kwanza tuelewane kwa nini tunahangaika na kilo. Glanza V, ile ya 1996 hadi 1999, ina uzito wa kama kilo 920 na injini ya 4E-FTE, cc 1331 yenye turbo, farasi 135. Ukiishusha kilo 60, kila farasi anabeba mzigo mdogo, na hesabu yake ni sawa na kuongeza farasi 9 hivi. Na hujagusa turbo, hujapandisha presha, hujaiweka roho ya gasketi ya silinda hedi rehani. Breki nazo zinapata nafuu, kona zinapata nafuu. Nguvu ya injini haikusaidii ukiwa unashuka mlima na kona iko mbele yako, lakini wepesi unakusaidia.

Ila kilo hazilingani thamani. Kilo iliyo kwenye rimu inazunguka, kwa hiyo injini inaisukuma mbele na papo hapo inaizungusha. Kadiri uzito unavyokaa mbali na kati ndivyo gharama inavyopanda, na ule wa ukingoni kabisa unakaribia kuhesabiwa mara mbili gari linapochanganya. Halafu rimu iko chini ya springi. Ikiwa nzito, shokapu inashindwa kulirudisha tairi chini haraka baada ya shimo, na barabara zetu za mtaani, zile zilizochongwa juu ya mawe, unazijua. Ndiyo maana naweka rimu namba moja, na ndiyo maana nashangaa mtu anapofunga inchi 17 nzito kwenye Starlet halafu anasema anapunguza uzito.

Chaguo langu ni Enkei RPF1, inchi 15 kwa upana wa 7. Napenda Enkei na sifichi. Rimu moja ina kilo 4.3 hivi, wakati rimu nyingi za alumini za kiwandani za inchi hiyo hucheza kwenye 6 na 7. Wanaimimina kwanza, halafu ule mzunguko wa nje unapashwa moto na kukandamizwa kwa rola huku unazunguka, alumini inakuwa nyembamba bila kupoteza nguvu. Kampuni ipo Japani tangu 1950 na rimu hizi zimekimbizwa kwenye mashindano miaka na miaka. Kwa hela ya mtu wa kawaida anayejibana, sijaona inayoizidi.

Namba mbili ni TE37 ya RAYS. Hii imefuliwa kwa mgandamizo, haikumiminwa, na ile 37 kwenye jina inatokana na kilo 3.7 za ile ya inchi 15 ilipotoka 1996. Ni rimu bora kuliko Enkei, nakubali. Lakini bei yake ni ya kulilia, na ndiyo inayoongoza kwa kopi. Ukiuziwa TE37 kwa bei nzuri, hiyo si TE37. Geuza rimu uangalie nyuma. Alama ya JWL, ya kiwango cha Japani cha rimu za magari, peke yake haitoshi, maana mtengenezaji anajithibitishia mwenyewe. Tafuta na VIA, inayotolewa baada ya taasisi huru kupima. Kopi zinaweza kuiga zote mbili, kwa hiyo alama isikufanye uache mizani.

Kuna njia ya tatu wengi hawaijui: rimu za mtumba za Mazda Roadster ya kwanza, za inchi 14. Zina kama kilo 5, nati nne kwenye mduara wa milimita 100 (4x100) kama Starlet, na tundu la kati ni milimita 54.1, sawasawa kabisa na la Toyota ndogo. Ukizikuta, usiziache.

Sasa tundu lenyewe. Habu ya Starlet, yaani kitovu ambako rimu inafungwa, ina kishingo cha milimita 54.1 kinachoingia katikati ya rimu na kuiweka sawa. Rimu za spoti zinatengenezwa ziingie magari mengi, kwa hiyo tundu lake ni kubwa. RPF1 ni milimita 73. Toa hesabu: kuna uwazi wa karibu milimita 9 na nusu kila upande. Rimu haijashikwa na habu, imening'inia kwenye nati tu. Fundi makini mwenye nati za koni, zile zenye mdomo uliochongoka, anaweza kuivuta ikae katikati. Fundi mwenye haraka anaishusha gari chini, anapiga nati ya kwanza kwa mashine ya upepo mpaka mwisho, na rimu inakaa pembeni kwa unywele. Unywele huo ndio unaousikia kwenye usukani. Mashine ya balansi haiwezi kuuona, kwa sababu kule rimu imefungwa na koni ya mashine, iko katikati barabara. Ndiyo maana unalipia balansi tena na tena na tatizo linarudi nawe nyumbani.

Dawa ni ringi ya kati: nje 73, ndani 54.1. Za plastiki zipo, ila kwa mtu anayekanyaga breki kwa nguvu joto linazilegeza. Chukua za alumini, na ukizikosa dukani nenda kwa mkereza vyuma mwenye kalipa, kile kifaa cha kupimia vipenyo. Mpe rimu na vipimo vya habu, atakukerezea nne. Ukizileta, vua rimu zote, sugua kutu kwenye habu kwa brashi ya waya, paka grisi kidogo sana, kisha tundika rimu bila nati yoyote na uitikise kwa mikono miwili. Ikicheza, ringi imekosewa. Irudishe.

Na nati! Rimu nyingi za alumini za kiwandani za Toyota zinatumia nati yenye shingo ndefu na washa bapa. Rimu ya spoti inataka koni. Ukifunga nati bapa kwenye kiti cha koni, nati haikai na rimu haishikwi, na hapo hatuongelei kutetemeka tena, tunaongelea tairi kukutangulia barabarani. Muuzaji wa rimu asiye na nati za koni za uzi wa M12x1.5 dukani kwake hajui anachouza.

Hapa niseme la moyoni. Rimu hapa mjini zinauzwa kwa kung'aa. Uliza uzito, unaambiwa "nyepesi sana hizi, nyanyua uone." Uliza tundu, anakuuliza tundu gani. Omba kupima, anakasirika kama umemwita mwizi. Mimi ni mwanamke, kwa hiyo naongezewa swali la gari ni la nani, na bei inapanda kabla sijajibu. Tena wanataka usafiri wa basi kutoka Dar uulipie wewe, hata kwa rimu ambazo zimekaa dukani zinakula vumbi. Kwa hiyo nafanya hivi: nasema nalipa, lakini rimu moja tupu inakwenda kwanza Mwaloni, pale Kirumba, kwa mama anayeuza dagaa na mizani ya kutundika. Sindano haibembelezi mtu. Kwa seti moja niliambiwa kila rimu ni kilo 4 na nusu, sindano ikasimama kwenye 7 na robo. Biashara ikaishia hapo. Muuzaji mwenye rimu halali hawezi kukuzuia.

Baada ya rimu, siti. Siti moja ya kiwandani na reli zake inafika kilo 15, na baketi (siti ya mashindano) nzuri ya faiba ni nusu yake. Tatizo ni fremu: mafundi wetu wanaichomelea kwa chuma cha engo mpaka faida yote inarudi. Nunua reli za gari lako, na funga siti ya dereva tu kwanza.

Betri ya lithiamu inakuokolea kama kilo 7, zote zikiwa mbele kabisa ambako Starlet imelemewa tayari. Hakikisha alteneta haivuki volti 14.6, na usiiweke jirani na turbo.

Boneti ya kaboni iwe ya mwisho. Nyingi ni faiba ya kawaida yenye ngozi ya kaboni juu.

Vya bure, kama zulia la buti na siti za nyuma, vitoe. Tairi la spea libaki. Njia ya Shinyanga usiku bila spea sikushauri. Rimu za chuma za bei chee ni nzito, hazina nafasi kwenye mpangilio huu.

Siku ya kufunga, gari liwe juu ya jeki, nati zikazwe kwa mkono na kwa mpangilio wa msalaba, kisha likishuka malizia kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, 103 Nm. Ukitembea kama kilomita 100, zikaze tena.