TAHADHARI: "Daktari wa mishipa" mwenye mwavuli, Mbagala

Nina hasira mpaka mikono inatetemeka, na aibu juu yake. Niacheni nimalize ndipo mnicheke.

Baada ya safari ya msiba, kutwa nzima kwenye basi, mguu wa kushoto ulivimba. Wa kushoto tu. Napita zangu stendi, nakuta kijana chini ya mwavuli, koti jeupe limepigwa pasi, kompyuta mezani. "Mama yangu, huo mguu umeanza lini?" Akanivutia kiti, akanishikisha kifimbo cha chuma. Dakika moja, kioo kikajaa rangi nyekundu, printa ikatema karatasi nne. "Mishipa imeziba asilimia 70. Una bahati umenikuta."

Msiniulize kwa nini niliamini. Aliniuliza kama misuli inakaza usiku, na kweli inakaza! (Umri huu nani haimkazi?) Risiti akanipa, ina mhuri. Nikamrushia 145,000 kwenye simu: unga wa kusafisha mishipa na chupa ya mafuta, nichue kwa nguvu asubuhi na jioni.

Nikachua siku tano. Mguu ukawa wa moto, ngozi inang'aa kama bilinganya. Mkwe wangu kuuona tu: "Mama, nani kakwambia uchue?" Hospitali wakapiga ultrasaundi: damu imeganda kwenye mshipa wa ndani. Daktari akasema damu ya miguuni husukumwa juu na kigimbi. Ukikaa kwenye basi kutwa nzima, inatuama. Na bonge likikatika, linaweza kwenda kuziba mapafuni. Nami ndiye nilikuwa nalikanda!

Jana ndiyo nasoma zile karatasi kwa utulivu. Ukurasa wa tatu: "tezi dume imeanza kuvimba." Mimi! Mama wa watoto wanne!

Akamatwe. Apakwe mafuta yake, achuliwe mpaka aite mamaye. TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba) tafadhali piteni stendi hizi.

Enhee, dalili za utapeli: unga hauna jina la kiwanda wala tarehe, na kifimbo cha mkononi hakioni mshipa wa mguu. Mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, hospitali siku hiyohiyo. Pumzi ikibana, usingoje kukuche. Miguu yote miwili ni habari nyingine: moyo, figo, hata vidonge vya presha kama amlodipini. Kama unavimeza usiviache, muulize daktari.

Simu yake haipatikani, na Jumamosi hakuonekana pale. Mwenye picha yake anitumie.