Modeli mbili, stoo moja: uchukue njia gani ya kuziunganisha?

Karani wa duka la asali hapa Tabora alinipigia simu mchana: dirisha la stoo linamwonyesha ndoo 12, ilhali ndani zimebaki 9. Tatu alikuwa ameziuza mwenyewe asubuhi ileile, kwenye dirisha la mauzo la kompyuta hiyohiyo. Programu niliitengeneza mimi. Modeli ya mwonekano (ViewModel, klasi inayoshika data na mantiki ya dirisha) ya mauzo ilipunguza hesabu, ya stoo haikupata habari. Kwa wenzangu mnaotengenezea maduka na maghala programu za Windows kwa WPF, mfumo wa Microsoft wa kujengea madirisha, hivi ndivyo ninavyozipanga njia zilizopo.

Ya kwanza hainunuliwi wala haipakuliwi. Tengeneza klasi moja, tuiite Stoo, isajili iwe moja tu kwa programu nzima, kisha ipitishe kwenye konstrakta (sehemu inayoiunda klasi) za modeli zote mbili. Mauzo yakipunguza, Stoo inatoa tukio (event, taarifa kwamba kuna kilichobadilika), na kila anayeisikiliza anasoma upya. Naiweka juu kwa sababu hitilafu ikitokea unajua pa kuanzia: unafuata jina la klasi hadi unakuta kosa. MVVM, mpangilio wa Model-View-ViewModel tunaoufuata kwenye WPF, inatenganisha sura na mantiki. Haikatazi modeli mbili kutumia data moja. Jihadhari na jambo moja tu. Stoo inaishi muda wote programu ikiwa wazi, kwa hiyo dirisha likifungwa bila kujiondoa kwenye tukio, modeli yake inabaki kwenye memori. Karani akifungua na kufunga kutwa nzima, mashine ya RAM ndogo italemewa.

Ya pili ni maktaba ya CommunityToolkit.Mvvm. Ni bure, leseni yake ni MIT, na ndiyo ningemshauri anayeanza leo. Ndani yake kuna WeakReferenceMessenger: modeli moja inatuma ujumbe, zilizojisajili zinaupokea, bila mtumaji kujua nani yuko upande wa pili. Mjumbe huyu anamshika msikilizaji kwa mkono uliolegea, hivyo modeli isiyotumika tena huweza kuondolewa kwenye memori. Yupo pia StrongReferenceMessenger, mwepesi zaidi, ila kwake ni lazima ujiondoe mwenyewe. Wote wawili hawakurudishi kwenye uzi wa kiolesura (UI thread, ambao pekee unaruhusiwa kugusa madirisha). Ukituma kutoka kazi ya nyuma, tumia Dispatcher, kifaa cha WPF cha kupeleka kazi kwenye uzi huo. Na kwa sisi wa bando: pakiti za NuGet (mfumo wa kusambazia maktaba za .NET) ukishazipakua zinabaki kwenye diski. Unaweza hata kubeba faili za .nupkg kwenye flashi na kulifanya folda kuwa chanzo cha pakiti, ukafanya kazi kwa mteja asiye na intaneti.

Prism, maktaba nyingine ya MVVM, naiweka ya tatu, si kwa ubaya. EventAggregator yake, yaani mjumbe wake, ni imara, na ukitaka inakupelekea ujumbe kwenye uzi wa kiolesura kwa ThreadOption.UIThread. Lakini inakuja na moduli, maeneo ya dirisha (regions) na urambazaji, mzigo unaofaa programu kubwa yenye watengenezaji kadhaa. Tena kuanzia toleo la 9 ina leseni mbili, ya bure kwa wadogo na ya kulipia kwa wakubwa. Isome kabla hujampa mteja bei.

Maktaba ya ReactiveUI ina mjumbe aitwaye MessageBus, ila nyaraka zake zenyewe zinashauri uiepuke. Nguvu yake iko kwenye kufuatilia mabadiliko, na bila kuijua Rx (Reactive Extensions, maktaba inayoitegemea) utachelewa.

Maktaba ya MVVM Light usiichukue kwa kazi mpya. Masomo mengi ya zamani bado yanaitaja, lakini haiendelezwi tena. Aliyenayo ahamie CommunityToolkit. Mjumbe wake anafanana sana.

Kwa yule karani niliweka Stoo moja. Mjumbe nilimwachia habari moja tu, ya bei kubadilika, kwa sababu madirisha matano yanaihitaji na hayana lingine la kushirikiana.